Mafua Yasiyopona

Katika duka la mitishamba la Mchina hapa Toronto, nilikokuwa nikisubiri zamu yangu, mganga alikuwa akimpima mapigo ya mkono mama mmoja wa Kitanzania aliyesumbuliwa na mafua yasiyopona. Binti yake alimtafsiria.

“Mama, anasema kinga yako imelegea. Eti huzuni hukaa mapafuni, na mapafu ndiyo yanayolinda mwili. Anauliza, tangu baba afariki umewahi kulia?”

“Mwambie nimeleta mafua, sikuleta msiba.”

“Mama!”

“Nikilia mimi, ninyi atawabembeleza nani?”

Binti hakulitafsiri hilo. Alimfunga skafu shingoni polepole, mpaka mama akamwegemea, akalia.

Mimi nilisomea udaktari, lakini chuoni sikufundishwa kwamba huzuni hukaa mapafuni. Mke wangu nilimzika mwaka jana. Zamu yangu ilipofika, mganga alinishika mkono, akauliza ninasumbuliwa na nini.

“Mafua tu,” nikasema.