Waliotangulia Michikichini

Miaka ile ya vita nilifanya kazi Rumonge, katika kibanda cha kutoa kopi na kupiga chapa karibu na soko. Patro wangu, mwenye kibanda, alikuwa na ordinateri moja, kompyuta ya kupigia chapa, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa vita vya zamani, majeshi ya mikuki, pinde na farasi. Aliyeupenda kuliko wote ni komanda wa kikosi cha jeshi kilichopiga kambi njia ya Kizuka. Alikuja mchana, akaegemeza bunduki ukutani, akaniuliza, "Mama, umeme iko?" Ukiwapo, nilimfungulia mchezo.

Mapigano yenyewe hayakumvutia sana. Alichopenda ni ule muda wa kabla, mchezo unapokuachia uwanja uwapange watu wako. Angeweza kukaa mchana mzima akiwahamishia wapanda farasi nyuma ya kilima, akiwarudisha, akiwaficha msituni. Siku moja nilimuuliza kwa nini mbele huwaweka wakulima wasio na ngao.

"Hao ni bure," akasema bila kugeuka. "Adui akiwapiga, mimi nimeshajua amejificha wapi."

Mume wangu alikuwa mshonaji. Asubuhi moja askari walizunguka mtaa wetu, wakakusanya wanaume waliowakuta, wakawapa mapanga, wakasema wanakwenda kufyeka njia michikichini. Nilikimbia hadi kambini.

"Komanda, mume wangu hajui kufyeka. Kazi yake ni cherehani."

Akanitazama kwa upole uleule wa kila siku. "Atarudi, mama. Wewe nenda kazini."

Alirudishwa juu ya lori, amefunikwa turubai. Jirani yetu aliyenusurika alinieleza kwamba waliamriwa watangulie, askari wakifuata mbali nyuma yao, mpaka risasi zilipotoka kwenye michikichi.

Komanda alikuja msibani. Alileta sukari na sabuni, akakaa mkekani na wazee, akasema hii ni mipango ya Mungu. Wakamshukuru, "Murakoze, komanda." Nilitaka kuimwaga ile sukari uani. Mama mkwe akaninyang'anya, maana wageni walikuwa wanasubiri chai.

Nilipotoka eda nikarudi kibandani. Bado alikuwa anakuja.

"Mama, umeme iko?"

"Iko. Jifungulie mwenyewe."

Patro akanivuta kando. "Unataka watufungie kibanda? Huyu ndiye anayetulinda!"

Nikachukua mtandio wangu, nikaondoka. Tangu hapo nilikula kwa kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, nikizifuata Muhuta, na mikono yangu iliyozoea karatasi ikachubuka kwa chumvi na jua. Komanda alihamishwa. Nilisikia amepandishwa cheo.

Vita vilipokwisha, tuliambiwa wajane waende ofisini wakajiandikishe. Nikapanga foleni tangu asubuhi. Karani aliniuliza mume wangu alikuwa wa jeshi au wa waasi. Nikamwambia hakuwa wa huku wala wa kule. Akaniambia nikae pembeni, akamwita aliyefuata.