Kisutu cha Mwanamisi na Filta ya Lori

Haya, chekeni mapema mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki mtu anikate maneno, na hiyo kahawa niachieni kikombe changu, maana kila nikiitaja siku ile koo hunikauka. Ndiyo, mimi ndiye yule baba wa bi harusi aliyelala chini ya lori siku ya nikaha ya mwanawe. Waliowaambia kwamba nilikuwa nimelewa wamewadanganya (mnazi sijauonja tangu nizaliwe, na nyote hapa mwajua). Afadhali ningekuwa nimelewa, watu wangesema ni tembo. Nilikuwa na akili zangu timamu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwanamisi ni mtoto wangu wa pekee. Mamake alifariki yeye akiwa bado anatambaa, Mungu amrehemu, nikamlea mimi na dadangu Mwanasiti, dadangu nyumbani na mimi barabarani na lori langu la nazi. Tangu ilipokubaliwa posa ya Athumani, kijana wa Mkongani, nilikuwa na jambo moja tu moyoni: kwamba siku ikifika, mimi mwenyewe, wali wake wa kumuoza, nitakaa msikitini mbele ya sheikh, nimshike Athumani mkono, niseme, "Nimekuoza mwanangu Mwanamisi." Maneno hayo nilikuwa nikijifundisha peke yangu ndani ya lori, kutoka Msambweni hadi Likoni, vioo nimevifunga watu wasinione nikizungumza na usukani, na kila nikifika kwenye "mwanangu" sauti inakatika, naanza upya. Mwenzenu sikuwa na tamaa nyingine duniani.

Sasa, lori ndilo lililokuwa libebe kitanda na kabati na vyombo vya bi harusi kupeleka Mkongani baada ya nikaha. Asubuhi nikaliwasha, likatoa moshi mweusi wa kutisha, nikajiambia, wakwe wakiuona moshi huu itakuwa aibu (aibu! laiti ningejua siku ile aibu yenyewe inanisubiri wapi). Oili nilikuwa sijaibadilisha kwa muda mrefu, na filta mpya ninayo, imelala chini ya kiti. Nikaamua nibadilishe vyote viwili kabla ya nikaha, ambayo ilikuwa ni baada ya sala ya alasiri. Uamuzi mdogo tu, wala haukunitoa jasho.

Oili ya zamani ikamwagika vizuri kwenye beseni. Filta ikakataa. Lori langu filta yake imejificha juu kule, baina ya injini na chuma cha chasi, mkono unapita kwa kubembeleza, na ukishafika huna nafasi ya kuuzungusha. Nikampigia simu fundi wangu Mutua wa Ukunda. Akaniambia, "Mzee, hiyo usiiguse. Inataka kile kikombe cha chuma cha kuishika kwa kichwa, ama uinamishe kichwa ya lori uifikie na huko juu. Nikimaliza hii gari ya watu nakuja."

Kuinamisha kichwa cha lori ilikuwa haiwezekani, kwa sababu wanawake walikuwa wamenipangia mle ndani sahani za kuazima, bilauri, na masinia ya visheti, mbuzi na watoto wasivifikie, na isitoshe ule mguu wa chuma wa kukizuia kichwa kikishainama ulivunjika kitambo. Basi nikasubiri. Adhuhuri ikaingia, tukasali, Mutua hajatokea. Mtu mzima mimi nikaanza kuzunguka lori kama kuku anayetaka kutaga. Mdogo wangu Bakari akapita na kanzu yake imeshapigwa pasi, akasema, "Salimu, liache hilo lori. Kaoge." Nikamjibu, "Wewe nenda, naja." Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikaingia chini na bisibisi kubwa na nyundo. Hiyo ni mbinu ya madereva, mwaijua, unaitoboa filta ubavuni bisibisi itokee upande wa pili, kisha unaitumia kama mpini. Nikapiga, bati likapasuka, filta haikusogea hata chembe, na sasa ina mdomo wenye makali. Nikajaribu mnyororo wa baiskeli, haukupata pa kupita. Nikajaribu mshipi niliojifungia kikoi, ukateleza kwa mafuta. Hapo ndipo shetani aliponikumbusha jinsi Mwanasiti anavyofungua chupa ya achari iliyogoma: anaifunga leso, anaikamata, anazungusha mara moja, imefunguka. Nikasema, naam! Leso kavu hukamata mafuta.

Nikatoka nikazunguka nyuma ya nyumba, nikavuta leso kambani bila kuitazama, nikarudi chini. Nikaizungusha kwenye filta, ncha zake nikazifunga kiganjani mpaka kwenye kifundo ili nipate nguvu, nikavuta. Ikasogea! Nikavuta tena kwa furaha, na pale pale lile bati lililopasuka likainasa leso, leso ikajikaza, na mkono wangu wa kulia ukavutwa ukabanwa baina ya filta na chasi. Nikiuvuta, leso inazidi kukaza. Nikiusukuma, bati linanichoma. Oili iliyobaki ikaanza kunitiririka kutoka kiganjani mpaka kwapani, taratibu, haina haraka.

Katika kuhangaika nikasikia harufu ya udi. Nikajiuliza, udi chini ya lori? Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikaitazama ile leso. Nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wallahi! Kilikuwa ni kisutu, kisutu cha bi harusi, kimefukizwa udi asubuhi nzima na kuanikwa kipate upepo, ili Mwanamisi avishwe akishaozwa.

Na wakati huo huo namsikia Mwanasiti huko uani, "Jamani, nani aliyechukua kisutu cha mtoto? Kilikuwa hapa kambani!" Wanawake wanapekua mikoba, wanaulizana, mmoja amelaumiwa, ameanza kulia. Mimi kimya. Ningeita pale pale, wangekuja, pengine wangenitoa mapema na mambo yakaisha kwa kicheko. Nilinyamaza kwa haya, nikisema moyoni nitajinasua sasa hivi, nitakirudisha, hakuna atakayejua.

Badala yake wakafika wanawake wa upande wa bwana harusi, vigelegele kutoka barabarani, ngoma, manukato. Walipolifikia lori vigelegele vikapungua. Nikasikia sauti ya mama mtu mzima, "Subhanallah, hii miguu ya nani?" (Na niwaambie kabisa, mshipi nilikuwa nimeuvua, nimejifunga kikoi cha kazi, na kikoi kimepanda mahali ambapo kikoi hakifai kupanda.) Nikajibu nikiwa huko chini, "Karibuni wakwe. Mimi ni baba wa Mwanamisi. Shikamooni." Mtu mzima kama mimi nikawaamkia mpaka wasichana. Mmoja akanitupia mkeka miguuni akiwa ameugeuza uso.

Mwanasiti akaja mbio, akainama, akaona. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alisema tu, "Kaka, hicho ni kisutu?" Nikamwambia, "Ndicho, dada." Akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za harusi.

Adhana ya alasiri ikalia. Wanaume wote wako msikitini, kanzu yangu imetundikwa mlangoni. Swala ikaswaliwa, na baadaye Bakari akaja na wanaume wawili watatu. Wakaingia wakavuta, nikalia kama mtoto. Wakajaribu kisu, hakifiki. Mmoja akasema watoe sahani wakiinamishe kichwa cha lori, lakini bila ule mguu wa chuma hakuna aliyethubutu kukiinua, kisije kikaanguka kikatuua siku ya harusi. Bakari akachuchumaa kando ya gurudumu akasema, "Sheikh ana nikaha nyingine Bongwe, hawezi kungoja. Lakini amesema nikaha hufungwa popote. Atakuja hapa na Athumani na mashahidi, watakaa mchangani, utamuoza ukiwa umelala hivyo hivyo. Niwalete?"

Jamani, nilipewa. Niliulizwa kwa ulimi wa Kiswahili ninaouelewa. Nikageuza shingo nikaona simu za watu zimeshaelekezwa kwangu, nikaona mkono wangu mweusi, kikoi changu, mkeka, nikaona mwanangu akitangazwa kuwa aliozwa kwenye tairi. Nikasema, "La. Asiozwe hapa. Nenda kamuoze wewe."

Bakari akauliza kama inavyotakiwa, mashahidi wakisikia, "Salimu, umeniwakilisha nimuoze binti yako Mwanamisi?" Nikasema, "Nimekuwakilisha." Akaondoka anakung'uta mchanga kwenye kanzu.

Msikiti mwaujua ulipo, ukitoka kwangu ni pale tu, na siku za nikaha hufungua kipaza sauti. Nikalala pale, oili imenifika kifuani, nikaisikiliza khutba yote. Halafu ikaja sauti ya Bakari, nzito, haikukatika popote: "Nimekuoza Mwanamisi binti Salimu, binti wa ndugu yangu aliyeniwakilisha." Na Athumani, "Nimekubali kumuoa." Vigelegele vikapasua nyumba yangu, na mimi nikayasema maneno yangu huko chini, yale niliyojifundisha, "Nimekuoza mwanangu," nikayamaliza yote kwa mara ya kwanza bila sauti kukatika, na hakuna aliyenisikia.

Mutua akatokea watu wakila pilau. "Wueh! Mzee, na nilikwambia nini?" Akatoa sahani, akainamisha kichwa cha lori, akakiegemeza kwa gogo la mnazi lililokuwa pale pale uani, akateremsha kile kikombe chake, akazungusha. Mkono ukatoka umevimba. Wanaume waliokuwa wakishangaa walilitazama lile gogo wakatazamana.

Nikanawa kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga, weusi umeng'ang'ania kwenye kucha. Athumani akaja na kanzu yake nyeupe kuniamkia. "Shikamoo baba." Akaninyooshea mkono wa kulia, na wangu haukuweza kukunjika, nikamgusa kwa nyuma ya kiganja. Ndivyo nilivyomshika mkono mkwe wangu.

Kisha nikaingia ndani kwa Mwanamisi. Walikuwa wamemvisha kisutu cha kuazima kwa jirani. Kile chake kilichochanika nilikuwa nimekikunja nikakibana kwapani, nikitaka kumwomba radhi. Akanitazama mkono, akatazama kile kitambaa, machozi yakamharibia wanja. Nikasema, "Mwanangu, nisamehe, nimekiharibu kisutu chako."

Akasema, "Baba, kisutu ni nguo. Baba mdogo ameniambia sheikh alikuwa tayari kuja hapa. Mbona ulikataa? Ningeozwa hata chini ya hilo gurudumu, mimi nilitaka sauti yako tu."

Mwasikia?

Basi mimi nimeapa, leso haitaingia tena chini ya lori langu, na nikisikia haya imenishika nitaita watu waje wanione, wacheke wakitaka. Kile kikombe cha kufungulia filta nimekinunua, kizuri, cha saizi yake, nimekitundika ukutani juu ya kitanda na filta hainisumbui tena. Kifaa ninacho. Binti mwingine wa kuoza ndiye sina.