Kundi la Wengine

Nilipoingia darasa la sita, baba alinitoa kwetu Kibara, kando ya ziwa, akanipeleka kukaa kwa rafiki yake wa kanisani, kijiji kimoja karibu na Butiama. Shule ya huko ilikuwa ikifaulisha. Yetu ilibaki na walimu wawili tu, na mmoja wao alikuwa anaumwa. Nilisafiri juu ya lori la pamba, nimekalia sanduku langu la mbao.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Sare tulifua kwa majani ya mpapai, na sukari ilikuja kwa mgao, siku nyingine isije kabisa. Hayo sikuyashangaa, maana hata kwetu yalikuwepo. Kilichonielemea ni kukosa mtu wa kusema naye Kijita, lugha yetu. Wenyeji wangu walikuwa watu wema, uji walinipimia sawa na watoto wao, lakini wakishaanza Kizanaki jikoni nilibaki nikitazama midomo. Kuna maneno yaliyofanana na yetu, nikayashika kidogo, kisha yakanipotea. Nilikuwa nikienda shambani peke yangu na kujisemea Kijita kwa sauti, nisije nikakisahau.

Muhula wa pili, mwalimu mkuu alitangaza Siku ya Jumuiya. Wazazi wangealikwa, kila kabila lingeleta chakula na ngoma yake, na mchana tungekwenda kuwasaidia wazee wasiojiweza. "Shule hii ni ya wote," alisema. Akageukia ubao akaandika makundi: Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Waluo. Chini kabisa akaandika: Wengine.

Wengine nilikuwa mimi.

Nilimfuata ofisini. "Mwalimu, mimi niko peke yangu."

"Si utaimba tu? Hata mmoja ni kundi," akanijibu, wala hakusema kwa ubaya.

Nikamwandikia baba barua. Siku mbili kabla ya sherehe alinitumia, kwa mkono wa mtu wa kanisani, furu wakavu waliotungwa kwenye vijiti. Hao ni samaki wadogo wa ziwani, na mwaka ule walikuwa wameanza kuwa adimu, sangara wanawamaliza. Nilijua baba ametafuta sana.

Siku yenyewe Wakurya walicheza hadi vumbi likafunika viatu vya wageni. Zamu yangu ilipofika nilisimama katikati ya uwanja nikaanza wimbo wanaouimba mama zetu wakianika samaki. Ni wimbo wa kuitikiwa. Nilianzisha, nikangoja kwa mazoea, hakuna aliyeitikia. Ikabidi nijiitikie mwenyewe. Ubeti wa tatu sikuufikisha. Wazazi walipiga makofi ya heshima. Kwenye meza ya vyakula ugali wa wimbi na maziwa mgando viliisha, furu wangu wakabaki kama nilivyowapanga.

"Nyie mnakulaga hivi kweli?" msichana mmoja aliniuliza, ameshika pua. "Sisi hatulagi vitu vinavyonuka."

Mwalimu mkuu akaagiza chakula kilichobaki kiende kwa wazee. Tulitumwa wasichana wanne kwa bibi mmoja mjane aliyeishi nyuma ya kisima, miguu yake haina nguvu. Njiani yule aliyeshika pua alinipokea ndoo ya kumtekea bibi maji, akanishika mkono tukivuka korongo. Tangu nifike, hakuna mwanafunzi aliyekuwa amenishika mkono.

Tulimkuta bibi amekaa mlangoni. Tukamwamkia, tukajaza mtungi, tukafagia uwanja. Nilipofungua kifurushi cha samaki, aliinua kichwa ghafla. Akauliza kwa Kijita, lafudhi safi kabisa, kama ya bibi yangu mzaa mama: ni nani kati yenu ametoka ziwani?

Wenzangu wakacheka. "Bibi anasema nini?" yule msichana akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

Bibi akauliza tena, polepole, huku akitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia niliinama nikaokota ufagio. Tukaaga, tukaondoka, mkono wangu ukiwa tena ndani ya mkono wa yule msichana. Kufika kisimani nikautoa. Nilisema kiatu kinanibana.

Jumamosi nilirudi peke yangu. Nikapiga magoti, nikamsalimia kwa Kijita. Akanijibu kwa Kiswahili: "Ndiye wewe uliyesema hujui."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe. Walikuwa wanacheka."

"Wanachekaga," akasema. Akanionyesha nikoleze moto.

Alitokea Kisorya, ziwani kama mimi, akaolewa huku bado msichana. Watoto wake watatu hakuwafundisha lugha yake hata mmoja. "Nilitaka wasichekwe," aliniambia, na hapo ndipo alipoanza Kijita, maneno yakitoka kwa kukwama, mengine akiyatafuta na mimi nikimsaidia. Tulipika furu, tukala. Nikawa naenda karibu kila Jumamosi. Zipo siku hatukuzungumza chochote cha maana: tulitaja majina ya samaki tu, au alinisahihisha nilipochanganya Kizanaki. Shuleni sikumwambia mtu.

Nilifaulu, nikapata sekondari Musoma mjini. Likizo ya kwanza nilipita kumsalimia nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Jirani alisema mwanawe mkubwa, fundi cherehani, amemchukua akakae naye mjini. Kumbe muhula mzima tulikuwa mji mmoja, na mimi sikujua.

Niliporudi nilianza kutafuta kila Jumapili baada ya ibada, nikiuliza mafundi barazani. Ilinichukua hadi karibu na mtihani wa mwisho wa mwaka. Fundi mwenyewe nilimkuta anapunguza suruali za mitumba, ambazo siku hizo zilikuwa zimeanza kujaa sokoni. Nilipomweleza mimi ni nani, aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama tulimzika mwezi uliopita," alisema. "Wewe unajua kile Kijita chake?"

"Najua."

"Mwishoni Kiswahili kilimtoka chote, na Kizanaki. Alibaki na hicho tu. Tukimpa maji, anakataa. Uji, anakataa. Anarudiarudia neno moja." Akalitamka, vibaya, lakini nililielewa. "Maana yake nini?"

Nilitamani kusema sijui.

"Alikuwa anaomba mfungue mlango," nikamwambia.

Alitazama suruali mikononi mwake. "Tuliufunga kwa sababu ya upepo wa ziwa," akasema. "Tulidhani anasikia baridi."

Akanivutia kigoda. Nilikaa naye mpaka alipomaliza ile suruali, kisha nikaaga nikarudi bwenini.