Fundi Tundu na Taa Ambazo Hazikuwaka

Fundi huyu wa kushona sare za shule aliitwa Tundu, maana alikuwa akitia uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila miwani, na umri wake hamsini na nane.

Mwaka jana, siku ya kupima afya pale zahanati, alipimwa uzito, sukari na presha. Alipofika meza ya macho akachomoa sindano kwenye kola ya shati, akatia uzi mbele ya foleni nzima.

"Mpimeni asiyeona!" alisema. Watu wakacheka, naye akaenda zake.

Mwaka huu mkewe alimshika mkono mpaka meza ileile. Alikuwa amechoka kuokota vikombe ambavyo mumewe alikuwa akiviangusha kwa kiwiko cha kushoto, kisha kumlaumu yeye kwa kuviweka vibaya.

Muuguzi akamziba jicho la kulia. Akamwambia atazame mbele, abonyeze kitufe kila akiona taa ndogo ikiwaka pembeni. Tundu akangoja, kidole tayari. Akangoja tena.

"Dada, mashine yenu imekufa."

"Inawaka, baba. Tazama mbele tu."

"Haiwaki, nakwambia! Mmenikalisha hapa kama gunia."

Mkewe, aliyesimama nyuma yake, akasema taratibu, "Mume wangu, mbona mimi naziona?"

Tundu akaondoa kidole kwenye kitufe.

Daktari alimpima presha ya ndani ya jicho, akamwambia ni glakoma. Haiumi, inakula kuona polepole kuanzia pembeni.

"Lakini sindano naiona!"

"Sindano unaitazama katikati, mzee. Katikati bado ni pazima. Kilichopotea hakirudi. Matone haya, kila siku, yatalinda kilichobaki."

"Na kama ningekubali kupimwa mwaka jana?"

Daktari alipekua karatasi ambazo hazikuhitaji kupekuliwa. "Ungebaki na zaidi."

Njia nzima Tundu alijitukana kimoyomoyo. Kama angeumwa hata kidogo, angekuja mbio. Na ile foleni, mbona walicheka tu?

Kesho yake, kibandani kwake mbele ya nyumba, mteja alimwona akitia uzi. "Mara moja tu! Fundi, wewe ni kiboko."

"Usinisifu," alifoka, akaichomeka sindano kwenye kitambaa. "Mama watoto! Matone yangu umeyaweka wapi?"

"Hapo, kushoto kwako."

Ilibidi ageuze shingo yote ndipo akaiona chupa, karibu kabisa na kiwiko.