Rafu ya Chini

Dada yangu amekuwa mfanyakazi wa muda katika chumba cha majalada ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Isome tena sentensi hiyo. Wa muda, miaka kumi na tisa! Wagonjwa walimbandika jina la Mama Jalada, na hata shemeji yangu akitaka kumchokoza humwita hivyo.

Mwaka huu uongozi ukatangaza kwamba anayetaka ajira ya kudumu afanye mtihani wa maneno ya Kiingereza yanayohusu wakati, yale yenye mizizi ya Kilatini na Kigiriki, na maana aziandike kwa Kiswahili. Eti yamejaa kwenye majalada. Aliyelitunga wazo hilo sijui alikosa kazi gani ya kufanya. Dada alikuwa amebakiza miaka minne afikie umri wa kustaafu, na mfanyakazi wa muda hastaafu. Huambiwa tu kesho asirudi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, basi alinijia na orodha yake.

"Mdogo wangu, nifundishe. Nafasi hii ikinipita, ndiyo basi tena."

Tukawa tunakaa mezani kwake kila alasiri akitoka kazini. Nilimwambia maneno haya yana ukoo. Chronos ni wakati kwa Wagiriki, na wajukuu wake ni chronic, chronology na synchronise. Kwa Walatini wakati ni tempus, aliyetuzalia temporary na contemporary. Annus ni mwaka, na kwake wametoka annual na anniversary.

"Kumbe chronology ndiyo kazi yangu!" akacheka. "Kupanga karatasi za mgonjwa kuanzia ya kwanza mpaka ya jana. Miaka yote naifanya, jina lake silijui."

Ukoo aliuelewa upesi. Kilichomshinda ni kukariri maana kama zilivyo kwenye orodha. Leo anazitaja zote, kesho zimeyeyuka. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikapiga meza.

"Dada, achana na kukariri! Kila neno lishikize kwenye kitu unachokijua kazini, ukaandike hicho hicho."

Akatabasamu. Wiki ile alikwenda kwenye mtihani akiimba.

Alifeli. Alama mbili tu zilimwangusha. Nilifuatana naye kwa msimamizi wake, nikaomba kuiona karatasi. Kwenye chronic dada alikuwa ameandika: "Mgonjwa wa rafu ya chini. Usilipandishe jalada lake juu, Alhamisi atarudi." Kwenye temporary: "Mimi. Nilianza kifungua mimba wangu hajaota meno, sasa amenipita urefu." Yote mawili yamekatwa kwa wino mwekundu.

"Mwalimu, majibu ninayo hapa," msimamizi alisema, akigonga karatasi yake kwa kalamu. "Chronic ni ya muda mrefu. Temporary ni ya muda mfupi. Hakuandika hivyo."

"Lakini ameelewa kuliko hata aliyetunga mtihani!"

"Inawezekana. Mimi nasahihisha kilichoandikwa."

Asiyejua maana haambiwi maana. Nilikuwa na hasira za kupasua dirisha, na nusu ya hasira hizo zilikuwa juu yangu mwenyewe. Msimamizi akampa dada mkataba mpya wa mwaka mmoja, naye dada akausaini, tukatoka.

Tulirudi chumba cha majalada.

"Niwie radhi, dada. Mimi ndiye niliyekwambia uandike hivyo."

"Mwalimu kasema, mwanafunzi katii. Kosa liko wapi?"

Afadhali angenitukana.

Akafungua jalada lenye jina lake, ambamo huweka nakala za mikataba yake yote, akatia na huu mpya juu ya ile kumi na tisa. Siku zote jalada hilo hukaa rafu ya juu kabisa, pamoja na karatasi za ofisi. Nikasogeza ngazi nimsaidie kulirudisha.

"Iache ngazi," alisema.

Akachuchumaa polepole, mkono kwenye goti, akalipachika rafu ya chini katikati ya majalada yenye muhuri mwekundu wa "chronic". Kisha akafungua dirisha dogo la kutolea majalada na kumwita mgonjwa wa kwanza.