Mtani wa Mama Uwanjani

Mwaka ule bendera mpya ya uhuru ilikuwa bado haijapauka kwa jua, nami nilikuwa nasomea ualimu Mahajanga na kucheza raga kwa sababu ya kitanda. Wenzangu waliotoka milimani waliupenda mchezo wenyewe. Mimi, mtoto wa mwenye duka wa kisiwa cha Nosy Be, sikuwa na ndugu mjini wa kunilaza, na bweni la bure chuoni lilikuwa moja tu, la wachezaji. Kocha, Mfaransa aliyebaki wenzake walipoondoka, aliitazama shingo yangu akasema nitafaa katikati ya mstari wa mbele. Ukiacha timu, unaacha kitanda. Ukiacha kitanda, ualimu utausikia kwa wenzako.

Katikati ya mstari wa mbele ni mahali pabaya. Timu mbili zinapoinama na kusukumana mabega kwa mabega, mikono yako imewakumbatia wenzako wa kulia na kushoto, na watu watano wanakusukuma kutoka nyuma. Huwezi hata kujikuna pua. Msimu mzima nilicheza hivyo. Tuliwashinda askari, tukawashinda vijana wa Marovoay, na asubuhi tulikimbia barabara ya Belobaka tukila vumbi la malori. Kila tuliposhinda, kocha alizidi kutubana, hata sokoni tukaenda kwa ruhusa. Nikafika mahali pa kuuchukia ushindi.

Ndipo Mngazija mmoja wa mtaa wa Mangarivotra, aliyemfahamu baba, akaniletea habari kwamba baba amefariki na amekwisha kuzikwa. Mama aliniagiza niwahi arubaini. Meli pekee ya kunifikisha ilikuwa inaondoka jioni ya siku ya fainali yetu na wafanyakazi wa bandari.

Nilimweleza kocha. Alinipa pole ya kweli, hata akanishika bega.

"Mazishi yamepita," akasema. "Fainali haijapita."

"Mimi ndiye mwanawe wa kwanza."

"Watasoma dua bila wewe. Ukienda, usirudi hapa."

Nilitoka na hasira ya kubomoa ukuta, nikaenda kufua soksi.

Siku ya fainali tulikuwa tumeinama, kichwa changu kimebanwa kati ya vichwa vya wapinzani, nikasikia watu wakicheka. Kisha nikaona miguu ya mwanamke, na ncha ya mwavuli. Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona uso. Alikuwa mtani wa mama.

Ukoo wa mama ni Wasakalava, na una watani wake, ambao kwetu huitwa ziva. Mtani wako hukutukana hadharani, huchukua chako, huingia katika msiba wako akafanya vituko, nawe huruhusiwi kukasirika wala kumkatalia. Mwanamke huyu aliukalia mpira.

"Baba yake amekufa," akatangaza kwa Kisakalava, "naye amejificha makalioni mwa watu. Nipeni maiti wangu niende zangu."

Mwamuzi alikuwa mtu wa pwani. Akaitia filimbi mfukoni. Wafanyakazi wa bandari wakaniachia mmoja mmoja, kwa heshima kabisa, na wenzangu wa kulia na kushoto wakashusha mikono. Kocha alipiga kelele kwa Kifaransa mpaka shingo ikawa nyekundu. Enzi hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba, kwa hiyo timu ingebaki na watu kumi na wanne. Nilijua namwaga msimu wa wenzangu, na nilifurahi. Sikuwa nimechagua. Nilikuwa nimechukuliwa.

Alinivuta mkono mpaka bandarini nikiwa na matope magotini, akimwambia kila tuliyepishana naye kwamba ameniokota jalalani. Nilicheka njia nzima. Nilipanga kwamba nikirudi nitampigia kocha magoti, labda bweni angenirudishia.

Ndani ya meli, kando ya mkeka wake, nilikuta sanduku langu la bati. Nguo zangu zote zilikuwamo, na vitabu, na godoro langu limekunjwa juu yake.

"Mama, mbona umelihamisha sanduku? Arubaini ni siku moja."

Mwanamke yule, aliyekuwa na neno kwa kila mtu tangu uwanjani, alifungua mwavuli wake, akaufunga.

"Mama yako hawezi duka peke yake," akasema. "Alijua mimi hutanikatalia."

Timu ilishindwa, nilisikia baadaye. Nami nikasimama nyuma ya kaunta ya baba, mafuta ya taa kulia, magunia ya mchele kushoto, mama kwenye kiti mlangoni. Mtani wake alikuja mara kwa mara kuchukua alichotaka bila kulipa, kama ilivyo haki yake, na sikumkatalia kitu. Siku moja mama alipokuwa akiswali ndani, nilimnong'oneza mgeni wetu anichukue na mimi, kama alivyonichukua uwanjani.

 Akachukua sabuni, akaniacha nyuma ya kaunta.