Viatu Alivyoletewa Amiya Msimu wa Kodi

Ozella Tidmore alifua mashuka katika makao ya wazee huko Alabama, na hakuwa mtu wa kulainishwa na zawadi. Tangu binti yake Shawnice aachane na mumewe Cordell, mtoto wao Amiya alilala kwa bibi, akala kwa bibi, akaugua na kupona kwa bibi. Wazazi wake walimwona kwenye simu tu. Ila ikifika Januari, kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana mtoto.

Sababu Ozella aliijua. Ukimwandika mtoto kwenye fomu yako ya kodi ya mapato kuwa unamlea wewe, serikali inakurudishia fedha nene. Kumwandika kunataka namba iliyo kwenye kadi ambayo mtoto hupewa na serikali, na hao wawili walipoteza karatasi zao zote walipofukuzwa kwenye nyumba. Kadi Ozella aliizika kwenye friza, chini ya mifuko ya bamia.

Jumamosi Cordell akagonga, kabeba boksi.

"Mama, umependeza."

"Hata nywele sijachana. Umefuata nini?"

"Jamani, mtu asimletee mwanawe viatu?"

"Amletee. Hata Julai amletee."

Amiya akatoka chumbani mbio. Viatu vilikuwa vya waridi, vina taa kisiginoni. Ozella akamwona anakunja vidole, anasukuma kisigino, anauma mdomo. Vilikuwa vidogo; ndiyo saizi aliyokuwa akivaa Amiya mara ya mwisho baba yake alipomwona.

"Vimenikaa, Baba. Vimenikaa kabisa."

Ozella akamtuma nje akawaringie majirani.

"Haya, sema sasa."

Cordell akajikuna shingo. "Ile kadi yake, mama. Nimwandike kwenye kodi. Na wewe nitakukatia chako."

"Alilala kwako lini?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Sikuuliza wewe nani. Alilala kwako lini?"

Cordell akatazama sufuria jikoni kama vile jibu linachemkia humo.

"Nimeshamwandika mimi," Ozella akasema. "Nimekwenda kwa karani wa kodi na kadi yake na barua ya shule inayosema anakaa kwangu. Shawnice naye alikuja na keki. Nimemwambia hivyo hivyo."

"Umetuzunguka, mama."

"Nilikuwa hapa hapa jikoni. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Fedha hazikumtia wasiwasi tena. Kilichomkaa rohoni ni yule mtoto huko nje, anayeamini baba yake amemjia yeye. Je, akijua kilichofuatwa ni kadi? Na huyu baba, kwa kuwa kadi ameikosa, atamvua viatu?

Cordell akasimama. Akachukua risiti iliyokuwa ndani ya boksi, akaikunja, akaitia mfukoni. Ozella akaliona hilo; mwenye risiti anaweza kurudisha viatu dukani akapewa fedha zake.

Dirishani akamfuata kwa macho. Cordell akainama mbele ya Amiya, akazitazama taa, akambusu utosini, akaingia garini. Viatu vikabaki miguuni.

Jioni Ozella akajaza maji mifuko miwili ya nailoni, akaifunga vizuri, akaisokomeza ndani ya viatu, akaviweka friza pale ilipokuwa kadi.

"Bibi, vitaharibika."

"Maji yakiganda yatavitanua. Vilikubana."

"Havikunibana."

"Haya, havikukubana."

"Baba atakuja tena?"

"Atakuja," Ozella akasema, na hakusema kufuata nini. Akafunga friza, kisha akaenda kutia komeo mlango wa mbele, maana ile risiti bado ilikuwa mfukoni mwa Cordell.